Vibanio Viwili vya Thornwick

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya majini na masultani, nasema zamani ya juzijuzi tu ambayo hata televisheni zilikuwepo, palikuwa na mji huko Uingereza ukiitwa Thornwick. Mji wenyewe mdogo, mvua nyingi, moshi mwingi, lakini una timu mbili za ligi. Timu mbili! Rovers wekundu na Albion wa buluu. Nyie mnaonuniana wiki nzima kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hazijui hata kama mpo duniani, sikilizeni leo mwone wenyewe wenye timu walivyokuwa.

Pale Thornwick, mwekundu hakununua mkate kwenye duka la mtu wa buluu. Mtu wa buluu hakumpa mkono mwekundu hata msibani. Ukizaliwa mtaa wa juu wewe ni Rovers, ukizaliwa mtaa wa chini wewe ni Albion, na wakioana wa juu na wa chini basi wahame mji. Kitu kimoja tu walishirikiana, nacho kilikuwa dobi.

Katikati ya viwanja viwili, kando ya reli, palisimama nyumba ya matofali iliyofua jezi za timu zote mbili tangu enzi za mababu. Jumatatu zinafuliwa nyekundu, Jumanne zinafuliwa za buluu, na maji yao hayakuchanganywa kamwe. Ndani ya nyumba hiyo palikuwa na kabati la mbao nyeusi, likiitwa Kabati la Waliovuka. Mchezaji akihama timu moja kwenda kwa hasimu wake, ilimbidi afike kwa dobi mwenyewe, avue jezi ya timu anayoiacha, aiweke kabatini kwa mkono wake, na matope yake na jasho lake. Haifuliwi. Inakaa hivyo hivyo mpaka siku mji utakapomsamehe. Siku hiyo jezi inafuliwa, inatundikwa kwenye kamba ya uani asubuhi ya dabi, wekundu wakiwa upande huu wa kamba na wa buluu upande ule. Tangu hapo mtu yule ni mtoto wa mji mzima, anapita mtaa wowote, anakula nyumba yoyote.

Nayo haikutundikwa kwa vibanio vya dukani. Palikuwa na vibanio viwili vya mti, vilivyochongwa kutoka kwenye mlingoti wa goli la kwanza kabisa, siku ambazo Rovers na Albion zilikuwa bado timu moja. Vibanio viwili, mabega mawili, jezi moja. Mara ya mwisho vilipotumika, wazee wa leo walikuwa watoto wa kubebwa. Aliyetundikiwa jezi alikuwa beki mmoja aliyeingia mgodini mara saba siku mgodi ulipoporomoka, akatoa watu bila kuuliza wewe rangi gani, na mara ya nane hakutoka.

Najua kuna mjanja pale nyuma anataka kusema, si wangeongeza vibanio vya plastiki? Kaa chini, bwana. Kama heshima ingekuwa ya plastiki, nisingekuwa na hadithi.

Basi dobi wa mwisho wa nyumba ile alikuwa mwanamke wa Kilwa Kivinje, Somoe binti Hamadi. Alimfuata mumewe, fundi wa reli. Mume akafariki, yeye akabaki na beseni, kamba na pasi. Miaka thelathini na moja alifua jezi za Thornwick, akayajua matope ya kila winga na jasho la kila kipa. Wakamwita Mama Somoe, na katika mji ule mzima ni yeye peke yake aliyesalimiwa na pande zote mbili.

Sasa ikapita amri kwamba nyumba ya dobi ivunjwe, ipite barabara. Ivunjwe lini? Jumatatu, siku mbili baada ya dabi. Na desturi ya zamani ilisema wazi kuwa nyumba ikivunjwa, jezi zisizosamehewa zinachomwa pamoja na kabati, na wenyewe hawatajwi tena. Kabatini zilikuwemo jezi tatu. Wenyeviti wa timu zote mbili, watu ambao hawajawahi kukaa meza moja, wakakaa. Walibishana tangu asubuhi hadi alasiri, wakaafikiana jambo moja tu: jezi moja itundikwe Jumamosi, Mama Somoe achague, na atakayemtundika ndiye aliyesamehewa. Wakamwachia mzigo wao, wakatoka kila mmoja kwa mlango wake.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mlango ukagongwa. Akaingia Arthur Pell, mzee wa mvi, mshambuliaji wa zamani aliyeitoka Rovers akaenda Albion. Akasimama mbele ya kabati, akauliza kama desturi inavyotaka:

"Jezi yangu ipo?"

Somoe akajibu kama desturi inavyotaka: "Ipo, na uchafu wake." Lakini hakumtazama machoni, akajifanya anapanga mashuka.

"Sikuwahi kusema kwa nini niliondoka," akasema Pell. "Leo nasema. Mwaka ule Rovers ilikuwa inakufa. Taa za uwanja zimekatwa, wachezaji wanakuja na viatu vyao wenyewe. Albion ndio pekee waliokuwa na uwezo wa kuninunua. Mwenyekiti wetu akanipigia magoti, Mama Somoe, mtu mzima akapiga magoti. Akaniambia, ukienda timu itaishi. Lakini niapie hutamwambia mtu, maana mashabiki wakijua kwamba tumeokolewa na Albion watakufa kwa aibu. Nikaapa, nikavuka. Siku ya pili mtaa mzima ukaandika jina langu kwenye mapipa ya taka. Mama yangu mzazi akanifungia mlango. Yule mwenyekiti amezikwa mwaka jana, na kiapo nimekizika naye. Niliiacha Rovers ili Rovers iwepo. Nataka niingie mtaa niliozaliwa, kwa miguu yangu, mchana kweupe."

Somoe alimtazama mzee yule. Miaka yote ile amesikia watu wakitema mate wakilitaja jina lake, na kumbe kila goli walilolishangilia lilipita kwenye mgongo wa huyu. Akamsogezea kiti.

Mlango ukagongwa tena. Akaingia Gwyn Parry, kipa, mtu mrefu mwenye fimbo, goti la kulia halikunjiki. Huyu alitoka Albion akaenda Rovers.

"Jezi yangu ipo?"

"Ipo, na uchafu wake."

"Mimi sina siri," akasema Parry. "Mji mzima ulikuwepo. Nusu fainali, Rovers na Albion, uwanja umejaa mpaka ukutani. Nilisimama golini mbele ya jukwaa la Albion, watu wangu wa zamani. Wananizomea. Na mimi kwa kiburi changu nikaibusu nembo ya Rovers kifuani mbele yao. Wakapandwa na hasira, wakasukumana kuja mbele, na mbele ni uzio, na geti la uzio lina kufuli. Nikaona nyuso zinabadilika rangi. Nikaona mtoto kanyanyuliwa juu na mikono ya watu asibanwe. Mpira unachezwa bado! Nikaliacha goli. Nikalipiga lile geti kwa bega, kwa mguu, mpaka likang'oka likaniangukia gotini. Wakatoka juu yangu, watu mia na ushee, wote wazima. Mshambuliaji wa Albion alipoona goli tupu akafunga, na goli likahesabiwa. Tukatolewa. Sikudaka mpira tena maisha yangu."

"Na Albion hawakukushukuru?" akauliza Pell.

"Walisema nisingebusu nembo pasingetokea kitu. Na Rovers wakasema kipa haachi goli. Siku za mechi naegesha gari nje ya uwanja nasikiliza kelele. Sauti ikipanda, najua kuna mtu kafunga."

Somoe aliikumbuka siku ile. Wiki nzima alifua jezi zenye damu ya goti la mtu mmoja, na maji yalikataa kutakata. Akamsogezea kiti naye.

Mara ya tatu mlango haukugongwa. Ilisikika sauti ya Kiswahili nje: "Hodi hapa!"

Somoe moyo ukampasuka kwa furaha na kwa hofu, maana alijua ni nani. Kassim Ruhaga wa Ujiji, Kigoma, winga aliyechukuliwa na Rovers akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba, hajui baridi. Ni Somoe aliyemfundisha kuvaa soksi mbili. Kisha akakua, akahamia Albion.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kassim. Ila leo usiniite mama. Leo mimi ni dobi."

Kassim akaelewa. Akasimama mbele ya kabati.

"Jezi yangu ipo?"

"Ipo, na uchafu wake."

Akazungumza kwa lugha ya mji ili wenzake wasikie. "Mimi sikutumwa na mwenyekiti. Rovers waliniweka benchi misimu miwili, Albion wakaniambia njoo ucheze, nikaenda. Nilitaka mpira. Hilo ni kosa langu na silipambi. Sasa ikaja dabi ya mwisho wa msimu. Albion tukishinda tunabaki, tukitoka sare tunashuka daraja. Dakika ya themanini na tisa nikaingia kwenye boksi, beki wa Rovers akanijia, nikaanguka. Refa akapuliza penalti. Watu wangu wa buluu wakalipuka, wengine wanalia kwa furaha. Na mimi pale chini kwenye nyasi najua kwamba yule beki hakunigusa hata unywele."

Wote walijua kilichofuata, lakini hakuna aliyewahi kukisikia kutoka kinywani mwake.

"Nikainuka nikamfuata refa. Nikamwambia, hakunigusa, nimejiangusha. Refa akaniuliza mara tatu kama nina akili timamu. Akaifuta penalti, mpira ukaisha sare, tukashuka. Wapishi wa klabu na watunza uwanja wakapoteza kazi. Mmoja wao alinifuata hotelini, hakunitukana, alinitazama tu. Rovers wakasema huyu ni msaliti na juu yake ni mjinga. Binti yangu shuleni anatumia jina la mama yake, asijulikane ni wa nani. Nataka aweze kulitaja langu."

Wakubwa wale wawili wakamtazama kijana yule kama wanamwona leo. Parry akavua kofia. Mbele ya elfu ishirini wanaokupenda, useme mimi ni mwongo! Nani kati yetu hapa angeweza? Mimi siwezi, na nyie nawajua vizuri, hamwezi.

Hapo ndipo Somoe alipopaswa kulifungua kabati, wenyewe waziangalie jezi zao kwa mara ya mwisho kabla dobi hajachagua. Akashika ufunguo. Akauingiza kichwa chini, ukakwama kitasani. Kassim akataka kumsaidia, akamkatalia. Akafungua.

Jezi ya buluu ya Parry ilikuwa imekauka kwa matope, ngumu, ukiigonga inalia. Jezi nyekundu ya Kassim ilikuwa na nyasi kwenye kiwiko na chumvi ya jasho mgongoni. Jezi nyekundu ya Arthur Pell ilikuwa safi. Safi kabisa! Imepigwa pasi, imekunjwa, na baada ya miaka thelathini na moja ilikuwa bado ina harufu ya sabuni.

"Nilikuwa na wiki moja kazini," akasema Somoe, na machozi yakamtoka bila kuficha. "Sikuijua desturi yenu. Nikafungua kabati nikaona jezi chafu. Mimi dobi, nikiona jezi chafu nifanye nini? Nikaifua. Nikaianua, nikaipiga pasi, ndipo mwenzangu wa zamu akanieleza maana ya lile kabati. Desturi inasema jezi ya kabatini ikifuliwa, mwenyewe amesamehewa, na ni lazima itundikwe dabi inayofuata. Nikaogopa. Mume wangu alikuwa anaumwa, kazi ndiyo hiyo. Nikairudisha kwenye pembe ya ndani kabisa nikafunga. Bwana Pell, wewe ulishasamehewa miaka thelathini na moja iliyopita. Ni mimi niliyekuzuia."

Mzee Pell akaishika jezi yake. Akainusa. Treni ikapita na vioo vikatikisika.

"Dirisha la mama yangu linatazama kamba yako," akasema mwishowe.

"Najua," akasema Somoe. "Kila dabi pazia lake lilifunguka. Miaka tisa, mpaka alipofariki. Nami nilikuwa naanika mashuka ili nisilione."

Pell hakumfokea, na heri angemfokea. Alisema tu, "Basi tulikuwa wawili tulionyamaza, mama."

Lakini Parry akagonga fimbo chini. "Kama desturi ni desturi, shauri la Pell limekwisha zamani. Kafuliwa, kasamehewa. Kesho mwambie mji hivyo, aende zake mtaani kwake. Vibanio vibaki kwetu wawili."

"Kafuliwa, hakutundikwa," akasema Kassim. "Mji haujamwona. Mtu anasamehewa kabatini? Na kingine, iliyofua ni mikono ya Mama Somoe, si mioyo ya watu. Kwa hiyo ama ana haki kuliko sisi sote, ama hana kabisa."

"Na wewe ungependa lipi?" Parry akamuuliza.

Kassim akacheka kwa uchungu. "Mimi ningependa jezi yangu. Usinifanye malaika."

Somoe akaagana na wote watatu. Alizifua jezi mbili zilizobaki jioni ile ile, kila moja kwa maji yake, ili yoyote atakayoichagua iwe tayari, maana sasa alijua kwamba kufuliwa bila kutundikwa mbele ya mji hakumtoshi mtu. Alifua kwa mikono, hakutumia mashine. Matope ya miaka yakatoka, maji yakawa meusi, akamwaga, akaweka mengine. Aliwaza, nikimtundika Pell, nalipia kosa langu kwa heshima isiyo yangu. Nisipomtundika, namfungia mlango mara ya pili. Nikimtundika Kassim, watasema kampa mtu wa kwao, na labda watakuwa wamesema kweli. Na nikimwacha Parry, wapo watu mia na ushee wanaopumua leo, na watoto wao, watakaoiona jezi yake inateketea.

Jumamosi ikafika. Jamani, Thornwick haijawahi kuona siku kama ile na haitaiona tena. Wekundu waliteremka kutoka mtaa wa juu, wa buluu walipanda kutoka mtaa wa chini, wakajipanga pande mbili za kamba, elfu na maelfu, wamejaa hadi kwenye reli, na treni zikasimamishwa. Baba zao walikuwa wamewahadithia jambo hili nao hawakuamini. Sasa wanaiona kamba yenyewe, na vibanio viwili vyeusi vinaning'inia juu yake. Bila kuambiwa na mtu wakavua kofia. Mvua ikanyesha kidogo, hakuna aliyefungua mwavuli.

Arthur Pell alisimama ukutani. Gwyn Parry alisimama ukutani. Kassim Ruhaga alisimama ukutani, na safari hii alikuwa na binti yake mkononi.

Somoe akatoka na jezi moja mikononi, ameifunika kwa kanga. Kabla ya kufika kwenye kamba alisimama akawaeleza watu kosa lake lote, kuanzia jezi aliyoifua hadi pazia la dirishani, hakubakiza neno. Hakuwa na kipaza sauti. Wa mbele waliwapasia wa nyuma, mwekundu akimnong'oneza mwekundu, wa buluu akimnong'oneza wa buluu, na palipokatika mstari, mwekundu alimnong'oneza wa buluu ili neno lifike. Aliwaeleza pia kiapo cha Pell, goti la Parry, na ukweli wa Kassim, kila mmoja na kosa lake na wema wake. Alitaraji matusi. Hakuna aliyetukana. Somoe alisikia matone ya mvua yakigonga kanga.

Akashika kibanio cha kwanza, akakifungua. Akaiinua jezi. Akaanza kuitoa kanga.

Nami naushika mkono wake hapo hapo, hauendi mbele wala haurudi nyuma, mpaka mnijibu. Mmoja aliiacha timu yake ili aiokoe, akanyamaza mpaka mama yake akafa na pazia wazi. Mmoja aliwasha moto kwa busu, akauzima kwa goti lake. Mmoja alidanganya kwa pumzi moja, akasema kweli kwa pumzi ya pili, na kweli yake ikawanyima watu kazi. Jezi zote tatu sasa ni safi. Kamba ni moja, na Jumatatu moto unawashwa.

Je, ninyi mliokaa hapa, wa rangi zote, chini ya kanga ile ilistahili kuwemo jezi ya nani?